SOMO LA KIKUNDI: KAMBA ISIPOFIKA KATIKATI
Namna ya kupata alama za umbo la kupinda kwa hesabu za kompyuta

Somo la safari hii ni la mafundi, lakini tunaomba hata wasio mafundi walisome. Mwenye kuweka hazina ya kikundi alisome pia, maana umbo likikosewa, pesa ndiyo huliwa.

Ukipanda matatu kutoka Kawangware au Kangemi kwenda mjini, vitu vingi utakavyoviona njiani vimenyooka: mabati, vibanda, kuta za mawe. Ukishafika katikati ya jiji, mambo hubadilika. Utaona kuba za Msikiti wa Jamia. Utaona madirisha ya Kanisa Kuu la All Saints yenye matao ya kuchongoka. Halafu kuna KICC, mnara wa mviringo wenye kimo cha mita 105, na kando yake ukumbi wa mikutano wenye paa la umbo la koni. Jengo lile lilikamilika mwaka 1973. Mchoro wake ulitengenezwa na Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norwei, akishirikiana na David Mutiso wa hapa kwetu Kenya.

Siku moja tulipopita pale na vijana wa kikundi kimoja, mmoja akauliza, "Sasa hawa walijuaje kila nguzo isimame wapi? Kamba ya kuzungusha ingetoka wapi?" Swali lile ndilo lililozaa somo hili. Jibu ni fupi: mstari wa kupinda hauchorwi wote kwa mara moja. Unatafuta alama moja, kisha nyingine, kisha nyingine, halafu unaziunganisha. Zamani alama hizo zilitafutwa kwa vitabu vya hesabu na kalamu. Leo simu ya kijana mmoja katika kikundi yatosha.

TULIVYOANZA

Kikundi cha vijana maseremala huko Kawangware kilipata oda ya meza za kulia, zile za umbo la yai, yaani duaradufu. Meza kama hizi wengi mmeziona kwa mafundi wa samani kando ya Ngong Road. Kastoma alitoa dipoziti. Vijana wakachora meza ya kwanza kwa macho tu. Wakakata. Walipoisimamisha, upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, kama kiazi. Kastoma akatazama, akasema, "Hii siichukui." Shiti nzima ya plaiwudi ikapotea, na mchango wa mwezi ule, ambao ulikuwa zamu ya mwanachama mmoja kuupokea, ukaenda kununua shiti nyingine.

Hapo ndipo walipotuita. Tulikwenda na kompyuta tukiwa na hakika ya kusaidia. Lakini tukubali ukweli: jaribio la kwanza kosa lilikuwa letu sisi walimu. Tutalieleza hapa chini, ili ninyi msilirudie. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia.

KWANZA, VIFAA

1. Simu au kompyuta yenye lahajedwali, yaani karatasi ya hesabu iliyogawanywa vyumba vyumba. Excel ni mojawapo. LibreOffice Calc haina malipo, na Google Sheets yaingia kwenye simu.
2. Tepu ya kupimia, skwea, penseli na misumari midogo.
3. Ufito mwembamba wa mbao unaopinda bila kuvunjika.

Katika lahajedwali, vyumba vya wima huitwa kwa herufi A, B, C, na mistari ya kulala kwa namba 1, 2, 3. Kwa hiyo chumba cha pili chini ya herufi A kinaitwa A2. Ukianza kuandika kwa alama ya =, kompyuta itajua kwamba unataka hesabu, si maneno.

MEZA YA DUARADUFU

Meza iliyotakiwa ilikuwa na urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 100. Tunahitaji nusu zake: 90 na 50. Sasa fuateni hatua hizi pole pole.

Hatua ya 1. Andika 90 katika chumba E1, na 50 katika chumba E2.

Hatua ya 2. Katika safu A, kuanzia A2 kwenda chini, andika pembe hizi: 0, 15, 30, 45, 60, 75, 90.

Hatua ya 3. Katika B2 andika: =$E$1*COS(RADIANS(A2))

Hatua ya 4. Katika C2 andika: =$E$2*SIN(RADIANS(A2))

Hatua ya 5. Nakili B2 na C2 kwenda chini hadi mstari wa 8. Ile alama ya dola inaiambia kompyuta isiondoke katika E1 na E2 wakati wa kunakili. Haihusiani na pesa.

Mtapata hivi (kwa sentimita):

Pembe 0: kando 90.0, juu 0
Pembe 15: kando 86.9, juu 12.9
Pembe 30: kando 77.9, juu 25.0
Pembe 45: kando 63.6, juu 35.4
Pembe 60: kando 45.0, juu 43.3
Pembe 75: kando 23.3, juu 48.3
Pembe 90: kando 0, juu 50.0

Sasa njooni kwenye plaiwudi. Chora mstari mmoja wa kati kwa urefu na mwingine kwa upana, ili vikutane katikati. Hakikisha vimekutana sawasawa: pima sentimita 30 kwenye mstari mmoja na 40 kwenye mwingine. Umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe 50 kamili. Ukiwa si 50, mistari imelala upande. Futa, uanze tena.

Kisha pima. "Kando" ni umbali kutoka katikati kwenda kulia. "Juu" ni umbali wa kupanda kutoka hapo, kwa skwea. Namba hizo hizo zirudie kushoto, na pia upande wa chini. Mistari saba tu ya hesabu inakupa alama 24 kuzunguka meza yote. Piga msumari mdogo kwenye kila alama, laza ufito kufuata misumari, chora kwa penseli. Mtaona kwamba alama zimesongamana kwenye ncha mbili za meza, mahali panapopinda sana, na zimeachana kwenye ubavu ambao umenyooka zaidi. Hivyo ndivyo inavyofaa.

Onyo moja. Zile pembe za safu A ni za hesabu tu. Msizipime kwenye mbao kwa kipima-pembe. Alama ya pembe 45, kwa mfano, ukiipima kutoka katikati ya meza utaona iko kwenye nyuzi 29 hivi. Pimeni kando na juu, basi.

KOSA LETU

Siku ile ya kwanza tuliandika =90*COS(A2) bila lile neno RADIANS. Kompyuta haikulalamika. Ikatupa namba. Kwenye pembe 30 ilituambia kando ni 13.9 na juu ni 49.4 chini ya sifuri. Kwenye pembe 15 ilitupeleka upande wa kushoto kabisa. Kijana mmoja alikuwa ameanza kupiga alama kwenye shiti mpya, ile iliyonunuliwa kwa mchango wa mwezi.

Kulikuwa na mzee mmoja seremala ameketi pale mlangoni. Akauliza, "Mwalimu, hii ni meza au ni nyota?"

"Mzee, kompyuta ndiyo imesema," tukajibu.

"Basi kompyuta haijawahi kula mezani," akasema, na watu wote wakacheka. Lakini msumeno ulisimama, na shiti ikaokoka.

Sababu ni hii. Sisi tulifundishwa shuleni kwamba mzunguko mzima ni nyuzi 360. Lahajedwali haihesabu kwa nyuzi. Inahesabu kwa radiani. Chukua kamba yenye urefu sawa na nusu kipenyo cha duara, uilaze juu ya ukingo wa duara lile. Pembe inayopatikana pale katikati ndiyo radiani moja, karibu nyuzi 57. Mzunguko mzima una radiani 6.28 hivi. Kwa hiyo ukiandika 30 bila maelezo, kompyuta inafikiri umezunguka meza karibu mara tano. Alama zake ziko kweli kwenye ukingo wa meza, lakini zimerukaruka huku na huku bila mpango, na ukiziunganisha unapata nyota ya yule mzee. Neno RADIANS hubadilisha nyuzi kuwa radiani, na mambo yanatulia.

Tangu siku ile tuna desturi mbili. Ya kwanza: kabla ya kitu chochote, andika =SIN(RADIANS(30)) katika chumba kitupu. Jibu lazima liwe 0.5. Ya pili: usikate kabla mtu mmoja asiyejua kompyuta hajatazama mchoro na kusema, "Naam, hii ni meza."

FITO ZA TANGI LA MAJI

Akina mama wa kikundi kimoja cha Uthiru walikuwa wakijenga tangi la simiti la kuvuna maji ya mvua. Nusu kipenyo chake ni sentimita 120. Kwa kimo cha sentimita 220 tangi kama hilo hubeba karibu lita 9,950. Kwenye msingi, duara lenyewe lilichorwa kwa kigingi na kamba, na hiyo ni njia safi kabisa. Palipo na nafasi ya kamba, msitafute kompyuta.

Shida ilikuwa fito 16 za kusimamisha wavu kabla ya plasta. Zilitakiwa ziachane sawasawa. Fundi alipiga hesabu ya mzingo: 2 mara 3.14 mara 120, akapata karibu 754. Akagawanya kwa 16, akapata 47.1. Akaanza kupima kwa tepu kutoka ufito hadi ufito. Alipofika mwisho, pengo la mwisho lilikuwa sentimita 42 tu. Akina mama wakaanza kunung'unika kwamba fundi hajui kupima. Kumbe alipima vizuri. Hesabu ndiyo haikumfaa.

Tepu hunyooka. Haipindi na ukingo wa duara. Umbali wa kunyooka kati ya alama mbili za duara ni mfupi kidogo kuliko njia ya kupinda. Kila hatua alizidisha milimita 3 hivi, na kwa hatua 16 zikawa karibu sentimita 5. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwa makosa.

Fomula iliyo sawa ni hii: nusu kipenyo mara mbili, mara sini ya nyuzi 180 zilizogawanywa kwa idadi ya fito. Katika lahajedwali:

=2*120*SIN(RADIANS(180/16))

Jibu ni 46.8. Pimeni 46.8 kutoka ufito hadi ufito na mtarudi pale pale mlipoanzia. Mkisahau RADIANS, mtaambiwa muweke ufito kwenye sentimita 232 chini ya sifuri. Hapo angalau kosa linapiga kelele lenyewe.

TAO LA MLANGO

La mwisho ni tao. Mafundi wa Kangemi walitaka kutengeneza mbao za kushikilia zege juu ya mlango mpana wa ukumbi. Upana ni sentimita 240, na tao linapanda sentimita 30 katikati. Tao la namna hii ni kipande kidogo cha duara kubwa. Katikati ya duara hilo ni wapi? Tutafute.

Chukua nusu ya upana, 120. Izidishe kwa yenyewe: 14,400. Chukua kimo cha tao, 30. Kizidishe chenyewe: 900. Jumlisha: 15,300. Gawanya kwa kimo mara mbili, yaani 60. Unapata 255. Hiyo ndiyo nusu kipenyo: mita 2 na nusu na zaidi. Karakana yao ni ndogo, kuna meza ya kazi na rundo la mbao. Kamba ya urefu ule haina pa kuzunguka. Hapa sasa ndipo kamba haifiki katikati.

Andika katika safu A umbali kutoka katikati ya mlango: 0, 20, 40, 60, 80, 100, 120. Katika B2 andika:

=SQRT(255^2-A2^2)-225

Ile 225 ni 255 ukiondoa 30. Nakili kwenda chini. Utapata kimo cha tao kwa kila mahali:

Umbali 0: kimo 30.0
Umbali 20: kimo 29.2
Umbali 40: kimo 26.8
Umbali 60: kimo 22.8
Umbali 80: kimo 17.1
Umbali 100: kimo 9.6
Umbali 120: kimo 0

Mwanzo ni 30 na mwisho ni 0, kama tulivyotaka. Hiyo yenyewe ni ithibati. Hapa hatukuhitaji pembe hata kidogo. Lakini pembe inahitajika kwa swali la pili: plaiwudi nyembamba ya kulaza juu ya mbao zile iwe na urefu gani? Vijana walisema, "Shiti ni sentimita 244, mlango ni 240, inatosha na inabaki." Tukawaomba wasubiri kidogo. Andika:

=2*255*ASIN(120/255)

Jibu ni 249.9. Shiti ya 244 ingepungua karibu sentimita 6, na zege lingepita kwenye pengo hilo siku ya kumimina, watu wote wakiwa na ndoo mikononi. Walikata kipande cha kuongezea mapema, wakakiunga vizuri juu ya mbao. Angalieni kwamba katika fomula hii hatukuandika RADIANS. ASIN hutoa jibu kwa radiani tayari, na nusu kipenyo ukikizidisha kwa radiani unapata urefu wa ukingo moja kwa moja. Kitu kilichotusumbua kwenye meza kimetufaa kwenye tao.

KUHAKIKISHA BILA KOMPYUTA

Hatupendi kikundi kiamini namba kwa sababu tu imetoka kwenye kioo cha simu. Kwa ile meza ya 180 kwa 100, kuna njia ya zamani ya misumari miwili. Kwenye mstari mrefu wa kati, piga msumari sentimita 74.8 kulia na mwingine 74.8 kushoto. Kutoka alama yoyote ya ukingo, pima hadi msumari wa kwanza, kisha hadi wa pili. Ukijumlisha, lazima upate 180, urefu wa meza. Kwa alama ya pembe 60 tulipata 52.6 na 127.4. Jumla 180. Alama isiyotoa 180 imewekwa vibaya.

Ile 74.8 inatoka wapi? =SQRT(90^2-50^2). Wenye kamba isiyovutika wanaweza hata kuchora meza yote kwa misumari hiyo. Lakini kamba nyingi huvutika, na hapo ndipo viazi huzaliwa.

Wale vijana wa Kawangware walimaliza meza zao. Kastoma alikuja, akazunguka meza mara mbili akipapasa ukingo kwa mkono, akalipa salio. Mwanachama aliyengojea zamu yake alipokea mwezi uliofuata. Siku hizi, kabla ya kukubali oda ya umbo la kupinda, kikundi huandika hesabu kwanza na kuhesabu shiti ngapi zitaliwa. Bei wanayomtajia kastoma sasa inatoka kwenye hesabu hiyo.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kaeni watatu watatu, mmoja akiwa na simu, mwingine na tepu, na wa tatu awe wa kuuliza maswali.

1. Meza ya duaradufu ina urefu wa sentimita 120 na upana wa 80. Alama ya pembe 30 iko wapi?
2. Tangi lina nusu kipenyo cha sentimita 100 na fito 12. Ziachane kwa umbali gani wa kunyooka?
3. Tao lina upana wa sentimita 160 na kimo cha 40. Nusu kipenyo ni ngapi, na plaiwudi ya kulaza juu yake iwe na urefu gani?
4. Jadilianeni: katika kikundi chenu, nani hutazama mchoro kabla ya kukata? Kama hakuna, mchagueni leo.

Majibu, msiyatazame kabla ya kujaribu: (1) kando 52.0, juu 20.0. (2) Sentimita 51.8. (3) Nusu kipenyo 100, plaiwudi 185.5.

Zoezi la kwanza lichoreni kwenye sakafu kwa chaki kabla ya kugusa mbao. Chaki ikikosea inafutika. Tunawatakia kazi njema.